Vuli na Kivuli: Fikra Juu ya Joto la Nyumba

Jumapili ya mwisho ya Oktoba nchi za Umoja wa Ulaya hurudisha saa nyuma. Ikifika saa tisa usiku kwa saa za Denmark, mshale unarudishwa kwenye saa nane, na watu huamka wakiwa wameongezewa saa nzima ya usingizi. Deni hilo hulipwa jioni. Mwaka wangu wa kwanza Copenhagen sikuwa na habari hizo. Nilikuwa mezani nikiandika, nikainua kichwa, nikaona kiza kimetanda dirishani. Nilidhani ni wingu la mvua. Kumbe jua lilikwisha kuzama, na saa ya ukutani ilisoma saa kumi na moja kasoro dakika tano.

Simu ikalia. Alikuwa mama, kutoka kwetu Lushoto, milimani Usambara. Baada ya salamu akaniuliza maswali matatu anayowauliza watoto wake wote walioko mbali, kwa mfuatano ule ule: "Huko magharibi imeshaingia? Umewasha taa? Uko na nani?"

La kwanza nilimjibu kwamba imeingia. La pili lilininyanyua kitini nikaenda kubonyeza swichi. La tatu lilinishinda. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mwanangu. Basi kaa na mimi kidogo."

Miaka imepita na maswali yale hayajaniacha. Ukiyasikia mara moja utayaona kuwa ni wasiwasi wa mzazi. Ukikaa nayo, utaona yamebeba fikra nzima kuhusu nyumba: ni kitu gani hasa kinachoipa nyumba joto wakati dunia ya nje inapoa na kuwa giza? Wadenmark wana neno la jambo hilo, hygge, lililowafikia kutoka Kinorwe. Wanorwe wenyewe siku hizi husema koselig, Waholanzi gezellig, Wajerumani gemütlich. Kiswahili hakina neno moja linalolibeba lote, nami siuoni huo kuwa upungufu. Sisi tumelihifadhi katika vitenzi: kukaa, kukaribisha, kuota moto. Hoja yangu katika insha hii ni kwamba lugha yetu imelenga penyewe. Joto la nyumba ni tendo, na tendo hilo lina mafiga matatu, yale yale aliyoyauliza mama: giza, taa na mtu. Wahenga walishasema figa moja haliinjiki chungu. Na mawili nayo hayatoshi.

Nianze na jina la majira yenyewe. Wafasiri wengi huyaita vuli. Mtu wa Usambara akisikia vuli anafikiria jembe. Vuli kwetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba: ardhi iliyokauka inalowana, mbegu za maharage na mahindi zinateremshwa kutoka darini, na anayechelewa shambani anajulikana mtaa mzima. Vuli ni mwanzo. Denmark, majira yanayopewa jina hilo hilo ni mwisho: mavuno yameingia ghalani, majani yanapukutika, ndege wanahama kwa makundi. Hata likizo fupi ya shule ya katikati ya Oktoba bado wengi wanaiita likizo ya viazi, kwa kuwa zamani watoto waliachiwa wiki hiyo wakasaidie kuchimba viazi. Nilipoambiwa habari hiyo nilifurahi, kwani nami nimekulia kwenye matuta ya viazi mviringo na najua mgongo unavyouma jioni. Lakini tofauti ilibaki pale pale. Ndani ya neno moja, mkulima mmoja anapanda na mwenzake anafungia zana zake stoo.

Kwa muda mrefu nilidhani tafsiri hiyo ina kasoro. Kitenzi kimoja ndicho kilichonipatanisha nayo. Kiswahili husema mbegu huota, mtu huota moto, na mtu huota ndoto. Katika vuli ya Usambara mbegu huota. Katika vuli ya kaskazini watu huota moto. Na pande zote mbili, mwenye kukaa ndani huku mvua au upepo ukipiga paa, huota ndoto. Mwanafalsafa wa Kifaransa Gaston Bachelard, katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya ushairi wa mahali, alishikilia kwamba faida kubwa ya nyumba ni kumlinda mwenye kuota ndoto, kumpa amani ya kuiachia akili itembee. Sijui kama angeweza kutamani kitenzi bora zaidi ya hiki chetu.

Sasa niende kwenye figa la kwanza, giza.

Saa ya Kiswahili imejengwa juu ya uaminifu wa jua. Tunaanza kuhesabu linapochomoza na tunafika kumi na mbili linapozama, na hatukosei sana, kwa sababu Lushoto iko nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka ni kama nusu saa. Copenhagen iko karibu nyuzi 56 kaskazini. Mwishoni mwa Juni mchana wake unakaribia saa 17 na nusu. Mwishoni mwa Desemba zinabaki saa 7. Katika wiki za Septemba na Oktoba, kila siku inapokonywa zaidi ya dakika 4 za mwanga. Dakika nne ni muda wa kuchemsha maji ya chai. Zikikatwa kila siku kwa wiki sita, mtu amepoteza saa tatu za mchana wake. Sababu ni kwamba mhimili wa dunia umeinama nyuzi 23 na nusu, na hakuna awezaye kuunyoosha.

Mbele ya jambo lisiloweza kunyooshwa mtu ana njia mbili: kushindana nalo au kulipokea. Miaka yangu ya mwanzo nilishindana. Niliwasha taa zote, za darini na za mezani, nikaacha televisheni ikisema peke yake, nikaenda sokoni jioni kutafuta makelele. Nilikuwa nachoka kuliko siku za kazi nyingi. Aliyenifundisha njia ya pili ni mti.

Tazama mti wa huko unavyoingia katika vuli. Mchana unapofupika na hewa kupoa, mti unaacha kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayoupikia chakula. Unaanza kurudisha akiba yake, naitrojeni na virutubisho vingine, kutoka kwenye majani hadi kwenye matawi na mizizi. Kijani kinapoondoka, rangi ya njano iliyokuwamo ndani ya jani tangu mwanzo inaonekana. Mwisho, mti unajenga utando mwembamba pale kikonyo kinaposhikana na tawi. Jani linapodondoka, kidonda chake kimekwisha kuzibwa. Anayepita bustanini anaona kupotea tu. Mti wenyewe uko kazini; unahamia ndani.

Kuna watakaosema, basi raha ya nyumba inatokana na kulinganisha tu: nje baridi, ndani joto, na mtu anafurahi kwa sababu kuna pabaya kuliko hapa. Bachelard mwenyewe aliona kwamba majira makali ya nje huongeza thamani ya ndani. Nakubali sehemu ya hoja hiyo. Lakini kulinganisha peke yake hakutoshi. Selo ya mahabusu nayo ina joto kuliko theluji, na hakuna aliyeiita nyumbani. Giza linatoa kitu kingine, nacho ni kikomo. Wakati wa kiangazi cha kaskazini, jua likiwa bado liko juu saa tatu usiku, kazi haina mwisho wala matembezi hayana mwisho. Daima kuna kitu kimoja zaidi cha kufanya kabla ya kurudi. Vuli inarudisha mpaka. Inasema: cha leo kimetosha, ingia. Kwetu ikweta neno hilo tunaambiwa kila siku saa kumi na mbili, na kwa kuwa hatujawahi kulikosa hatujui ni zawadi. Mtu asiye na magharibi hana pa kuweka mzigo chini.

Ndiyo maana mama huanza na magharibi. Kwanza kubali kwamba siku imeisha.

Figa la pili ni taa.

Kabla umeme haujafika kwetu, kila alasiri mama alikuwa akizitoa chemli zetu mbili akaziweka kibarazani. Aliondoa kioo, akakipulizia pumzi mpaka kiwe na ukungu, akaingiza kipande cha gazeti na kukizungusha taratibu hadi masizi yote yatoke. Alikiinua kioo kuelekea mbinguni akakikagua. Kisha alichukua mkasi akaukata utambi usawa, kwa sababu utambi wenye pembe hutoa moshi. Aliwasha, akarudisha kioo, na hapo ndipo alipofanya lile ambalo utotoni sikulielewa: aliushusha utambi. Aliushusha mpaka mwali ukawa na kimo cha ukucha wa kidole gumba. Mimi nilitaka aupandishe nyumba nzima ing'ae. Aliniambia, "Taa ikizidi haiangazi, inatoa masizi."

Miaka mingi baadaye nilikutana na fikra hiyo hiyo katika kazi ya msanifu majengo wa Denmark, Poul Henningsen, aliyezaliwa mwaka 1894. Naye alikulia katika zama za taa za mafuta ya taa. Balbu ya umeme ilipoenea, ilining'inizwa tupu katikati ya dari, ikachoma macho na kuwaparuza watu nyuso. Henningsen aliitumia sehemu kubwa ya maisha yake kulitibu jambo hilo. Katikati ya miaka ya 1920 alibuni taa yenye vivuli vitatu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kwa hesabu makini, ili mwanga ushuke mezani ukiwa laini na jicho lisikione kamwe kitu kinachowaka. Taa yake ya mwaka 1958, iitwayo PH 5 kwa sababu kivuli chake kikubwa kina kipenyo cha sentimita 50, bado inaning'inia juu ya meza za kulia chakula katika nyumba nyingi za Denmark. Inaning'inizwa chini, karibu na sahani. Inamulika mikono na chakula, na kuuacha ukuta uende zake gizani.

Angalia jina tunalokipa kifaa kinachoifunika balbu: kivuli cha taa. Katika nchi ya jua kali kivuli ni neema. Tunakaa kivulini, tunamwita mlezi mwema kivuli chetu, tunatembea na mwavuli. Masikio ya Mswahili husikia vuli, kivuli na mwavuli kama ndugu wa nyumba moja. Mtu wa nchi ya baridi anaweza kudhani kwamba alichopungukiwa ni mwanga tu, basi auongeze kadiri awezavyo. Henningsen na mama, ambao kamwe wasingekutana, walifikia hukumu moja: mwanga usio na kivuli humfukuza mtu. Chumba kinachomulikwa kote kwa usawa kinafaa kwa upasuaji na ukaguzi. Chumba cha kukaa kinahitaji mahali penye mwanga, mahali penye kiza, na njia ya kupita kati ya hapo, ili mtu achague aonekane kiasi gani.

Wadenmark hupenda mishumaa kupita kiasi, na jina wanaloiita, levende lys, maana yake ni taa hai. Nimejiuliza kwa nini hai. Nadhani ni kwa sababu inadai mlinzi. Balbu unaweza kuiwasha ukaondoka nyumbani wiki nzima. Mshumaa ukiuwasha umejifunga kukaa nao. Ukiondoka, huna budi kuuzima. Mwali unatikisika mtu akipita, unapungua muda unavyokwenda, na kila mara unarudisha jicho kwenye chumba ulichomo. Taa isiyomhitaji mtu haiwezi kumkumbusha kwamba yuko nyumbani.

Tangu mwaka 2016, Meik Wiking wa Copenhagen alipochapisha kitabu chake kidogo juu ya hygge na wengine wakamfuata, utulivu wa nyumba umekuwa bidhaa: mishumaa yenye harufu, blanketi za sufu, soksi nene, vikombe vya udongo. Sina ugomvi na blanketi. Miguu ikiwa baridi hata falsafa haiendi. Ninachosisitiza ni kwamba duka linauza chemli, haliuzi ule muda wa alasiri wa kukata utambi. Anayenunua vitu vyote hivyo na kubaki na haraka yake ile ile, amenunua mapambo ya mahali ambapo bado hajaingia.

Taa ina mipaka yake pia, na ni haki kuisema wazi. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake katika taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walieleza kitaalamu hali ya watu wanaozama katika huzuni kila majira ya giza yanapoingia. Rosenthal alizaliwa Johannesburg, na alianza kulitambua jambo hilo mwilini mwake mwenyewe baada ya kuhamia Marekani. Nimefarijika kujua kwamba aliyeipa huzuni hiyo jina la kitabibu ni mtoto wa Afrika aliyeondoka kwenye jua. Tiba mojawapo aliyoipigania ni mwanga mkali wa laksi 10,000, mtu akikaa mbele yake asubuhi. Taa za sebuleni hutoa laksi mia chache tu, wakati nje, hata siku ya mawingu, mwanga hufika maelfu. Kwa hiyo kipimo cha mama kina upande wa pili: jioni shusha utambi, lakini asubuhi toka nje, hata kama mvua inanyesha, ukatafute sehemu yako ya mchana kabla haijachukuliwa. Na huzuni ikikaa wiki baada ya wiki, ikamvuruga mtu usingizi na hamu ya kula, huo ni ugonjwa, na mwenye ugonjwa anastahili daktari. Asiambiwe awashe mshumaa.

Limebaki figa la tatu, lile lililonishinda siku ile.

Wiki moja baada ya simu ya mama, chuma cha joto kilichofungwa ukutani chini ya dirisha langu kilianza kugonga kama mtu anabisha hodi kutoka ndani ya ukuta. Juu kilikuwa baridi, chini vuguvugu. Bibi mmoja wa ghorofa ya chini alisikia, akapanda ngazi moja moja akiwa na ufunguo mdogo wa shaba na kikombe kilichopasuka mpini. Alipiga magoti, akaweka kikombe chini ya tundu la pembeni, akazungusha ufunguo nusu duara. Hewa ikatoka kwa mluzi mrefu. Kisha matone ya maji meusi, kisha maji yakafuatana. Akafunga. Akaushika mkono wangu akauweka juu ya chuma, nikalihisi joto likipanda. "Kwako ndiko juu kabisa," aliniambia, "hewa yote ya jengo hukimbilia huku."

Nilimuuliza maji hayo yanachemshiwa wapi, nikitarajia kuambiwa kuna pipa chini ya ngazi. Akanyoosha kidole dirishani, kuelekea upande wa bandari. Joto lile halikuwa la jengo letu. Karibu theluthi mbili za nyumba za Denmark hupata joto kwa mabomba yaliyozikwa chini ya barabara, yanayoleta maji ya moto kutoka mitambo mikubwa na kurudisha yaliyopoa yakapashwe tena. Mwaka 1903 Frederiksberg, mji uliozungukwa na Copenhagen, ulianza kuchoma taka zake na kulitumia joto hilo kupasha majengo. Kisha mwaka 1973 mafuta yalipoadimika duniani, Denmark, iliyotegemea mafuta kutoka nje kwa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za nishati yake, ilijikuta gizani kweli: Novemba ya mwaka huo magari ya watu binafsi yakapigwa marufuku barabarani siku za Jumapili. Somo hilo lilizaa sheria ya mwaka 1979 ya kupanga joto kwa pamoja, na mabomba yakaenea mji kwa mji. Wao wenyewe wanaliita fjernvarme. Maana yake ni joto la mbali.

Neno hilo lilinikaa moyoni. Ile sebule tunayoiona katika picha, mlango umefungwa, mapazia yameshushwa, familia imejikunja juu ya kochi lake, inaonekana kama kisiwa kinachojitosheleza. Chini ya sakafu yake kuna bomba linaloiunganisha na mji mzima. Hakuna nyumba inayojipasha yenyewe. Ikiwa ni hivyo kwa joto la mwili, iweje joto la moyo liwe tofauti?

Wapo Wadenmark waliouona upande mgumu wa utulivu wao. Mwanaanthropolojia Jeppe Trolle Linnet aliandika mwaka 2011 kwamba hygge, pamoja na uzuri wake, huchora mstari kati ya walio ndani na walio nje. Mimi nimesimama upande wa nje wa mstari huo. Nimetembea jioni za Novemba nikipita madirisha yasiyo na mapazia, nikaona meza, taa imeshuka hadi karibu na vikombe, watu sita wameinamiana wakicheka. Hakuna baridi kama ile ya kuona joto la watu wengine kupitia kioo. Wala sitajifanya kwamba sisi tumesalimika. Dar es Salaam na Nairobi tumejenga kuta zenye vipande vya chupa juu na mageti ya chuma, na jirani wa miaka kumi hajui jina la jirani.

Lakini utamaduni wetu ulituachia neno la kupita mstari huo, nalo ni hodi. Ni neno la ajabu ukilitafakari. Anayelitamka anakiri kwamba nyumba ina mlango na kwamba mwenye nyumba ana haki yake ya faragha. Papo hapo anakiri kwamba mlango huo uko pale ili uitikiwe. Wahenga waliongeza: mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii huwa tunaisema kwa utani, mgeni akija chakula kinakuwa kizuri. Naisoma sasa kwa uzito wake wote. Mwenyeji anaumwa nini hata apone? Anaumwa na joto lisilotumika. Nyumba isiyogawa joto lake haiwezi kujua kwamba inalo, kama vile maji ya bomba yasiyozunguka hupoa yalipo.

Jioni ile bibi wa chini alinialika. Aliwasha mishumaa miwili, akanipa kiti kinachotazama dirisha, akatoa tanurini maandazi ya mdalasini na iliki aliyokuwa ameyakanda asubuhi. Harufu ya iliki ilinipeleka Usambara Mashariki, pande za Amani, ambako mimea yake hulimwa chini ya kivuli cha miti mikubwa ya msitu. Jua kali likiikuta inaungua. Nilimweleza hivyo. Alikaa kimya akiugeuza unga kidogo wa iliki kwenye kiganja chake, kisha akasema miaka yote alidhani inaota kwenye makopo. Tulicheka pamoja. Hatukufanya jambo lingine lolote la maana hadi saa tatu usiku. Tulikaa.

Kukaa: kitenzi hicho kimoja chetu kinatosha kusema kuketi, kuishi mahali na kubaki. Ukimuuliza mtu anakaa wapi, umemuuliza nyumba yake kwa neno la kiti chake. Na kaa ni lile donge jekundu la jikoni. Litoe peke yake, uliweke pembeni ya mafiga, litazimika kabla chungu hakijachemka. Lirudishe kati ya wenzake litawaka mpaka alfajiri. Mama aliposema "kaa na mimi kidogo", alinipa nyumba kwa muda wa dakika ishirini, kutoka umbali wa maelfu ya kilomita. Lilikuwa joto la mbali kwa maana kamili ya neno.

Basi hukumu yangu ni hii. Nyumba yenye joto wakati wa vuli, ya kaskazini au ya kwetu, ni ile iliyokubali kwamba siku imeisha, ikawasha taa kwa kiasi, na kumpa mtu mahali pa kukaa. Kikikosekana cha kwanza, tunabaki na pilika. Kikikosekana cha pili, tunabaki na giza au na mwako unaochosha. Kikikosekana cha tatu, tunabaki na chumba kizuri.

Kila mwaka, mwanzoni mwa Novemba, kuna siku chache ambazo jua huzama Copenhagen na Lushoto likipishana kwa dakika chache tu. Kule mvua za vuli zimeanza na mbegu zinaota; huku majani ya mwisho yameanguka na watu wanaota moto. Siku hizo mama na mimi tunawasha taa kwa wakati mmoja. Nawe msomaji, jioni yoyote utakayochagua, mfikirie mtu mmoja unayemjua aliye peke yake, umpigie simu au umgongee mlango. Muulize kama magharibi imeshaingia kwake, kama amewasha taa, na yuko na nani. Akikosa jibu la swali la tatu, mwambie akae nawe kidogo.